Sekunde Nne za Marehemu Ato Zerihun

Katika ukoo wa Belachew watu hawagombani kwa kelele. Wanaapa. Kelele huisha jioni watu wakala wakalala, lakini kiapo hukaa ndani ya nyumba kama kabati la urithi: hakuna anayekihitaji, na hakuna anayethubutu kukitoa nje.

Mahlet aliishi katikati ya viapo vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha baba yake, Ato (yaani Bwana) Zerihun: "Aklilu hatakanyaga ua wangu mpaka siku ya kifo changu." Cha pili kilikuwa cha huyo Aklilu, baba yake mdogo: "Na mimi siendi kwake mpaka nisikie amekufa." Cha tatu kilikuwa chake mwenyewe. Siku Yared alipotuma wazee kuja kumposa, Mahlet alimtazama baba yake na ukaidi wake akasema mbele ya wageni: "Sivai nguo ya harusi mpaka hawa ndugu wawili wakae benchi moja." Alidhani atawatisha. Hawakutishika hata kidogo. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, harusi ilikwisha kuahirishwa mara mbili, na mama yake Yared alikuwa ameanza kutaja mabinti wa watu wengine wakati wa chakula, akijifanya anazungumzia mvua.

Na chanzo cha yote hayo kilikuwa neno moja kwenye daftari.

Mama wa ndugu hao wawili, Bibi Etagegn, alifariki miaka sita iliyopita. Iddir, yaani chama chao cha kuzikana, kililetea msiba hema, mabenchi na masufuria kama inavyopasa. Katibu wa chama alikuwa Aklilu, mtoto wa marehemu. Sheria ya chama ni moja na haina macho: siku zote tatu za matanga, jioni, majina ya wanachama huitwa, na asiyeitika hutozwa faini. Siku ya pili, jina la Zerihun liliitwa mara tatu, kimya. Alikuwa barabarani akiwapokea wajomba waliotoka Gojjam. Aklilu, macho yamemvimba kwa kulia, akaandika: Hayupo.

Hayupo kwenye matanga ya mama yake mzazi! Faini Zerihun aliitoa palepale. Alichotaka ni lile neno lifutwe. Aklilu akasema daftari la chama halifutwi hata akija askofu. Kisha, kwa kuwa mdomo wa mwenye uchungu hauna breki, akaongeza: "Asiyekuwepo na lake halipo." Undugu ukaishia hapo.

Sasa, Mahlet kazi yake ilikuwa hifadhidata, orodha zinazotunzwa ndani ya kompyuta. Kampuni yao ndogo ilipewa kazi na muungano wa vyama saba vya kuzikana vya upande ule wa Addis Ababa. Muungano ulikuwa na hifadhidata mpya ya pamoja, yenye uwezo wa kuwatumia wanachama wote ujumbe wa simu mtu anapofariki. Vyama sita vilihamia huko bila maneno. Cha saba kilikuwa cha Ato Aklilu.

"Mashine yangu haiendi popote," alisema, mkono juu ya kompyuta yake kuukuu iliyokuwa ikivuma kama kinu. "Hii imezika watu mia tatu na haijakosea hata mmoja."

Kila Jumapili alikuwa akinakili orodha nzima kwenye flashi na kuipeleka kwenye muungano ndani ya mfuko wa koti. Kwa hiyo aliyekufa Jumatatu, huko kwenye muungano alikuwa hai mpaka Jumapili, hema la muungano halikufika, na watu wake walilia chini ya turubai la kuazima. Mahlet akaja na suluhisho: mashine ya mzee ibaki palepale, ila kila badiliko linalofanyika humo lipelekwe upande wa pili papo hapo.

"Kwa njia gani?" aliuliza Aklilu kwa mashaka. Kazini walizungumza vizuri. Ugomvi wake ulikuwa na kaka yake. Kwa mtoto hakuwa na neno. Yeye ndiye aliyemfundisha Mahlet kujumlisha, kwa punje za shayiri.

"Baba mdogo, hifadhidata yenyewe ina daftari lake la siri. Kila inapobadilisha kitu, inaandika kwanza humo: saa fulani, jina fulani, lilikuwa hivi, sasa ni hivi. Mimi naweka bomba. Bomba linasoma daftari hilo mstari kwa mstari na kurudia kila kitu upande wa pili, kwa mpangilio uleule."

"Na mtu akikosea, halafu akarekebisha?"

"Kosa linapita, halafu rekebisho linapita."

"Kosa halifutwi?"

"Halifutwi. Panaongezwa mstari mpya chini yake."

Aklilu alivua miwani akaifuta taratibu. Katika maisha yake yote kompyuta haikuwahi kumpa heshima namna hiyo. "Hiki kitu," alisema, "kimetengenezwa na mtu aliyelelewa."

Siku ya majaribio ilikuwa Alhamisi. Mahlet alihitaji kubadilisha jina moja ili aone kama bomba linapitisha. Aklilu akainua kidole: "Usiguse mtoto wa mtu. Ukitaka kujaribu, jaribu na wa nyumba yenu." Akatoka kwenda ukumbini bila kungoja kuona atachaguliwa nani.

Wa nyumba yao alikuwa mmoja tu kwenye orodha: mwanachama nambari 112, Zerihun Belachew. Mahlet hakuwa mjinga. Kwanza alichomoa kwenye ukuta mashine ndogo ya muungano ya kutuma ujumbe, iliyofungwa ofisini humo, yenye taa nyekundu, akaiacha waya wake sakafuni. Kisha akashusha pumzi, akamwomba Mungu radhi, akabadilisha hali ya baba yake kutoka hai kuwa marehemu. Kabla hajapepesa macho, upande wa pili ukaandika: marehemu. Akamrudisha haraka. Upande wa pili: hai. Sekunde nne, kufa na kufufuka. Alicheka peke yake kwa furaha. Bomba lilikuwa linafanya kazi!

Kitu kimoja kilibaki. Ujumbe wa kifo ulikuwa umekwisha kujitunga, umekaa kwenye foleni ukisubiri mashine ya taa nyekundu iamke. Ilikuwa ni kuufuta tu. Mkono wake ulikuwa unaelekea huko, Weizero Asnakech alipoita kutoka ukumbini: "Kahawa imemiminwa!"

Weizero Asnakech, yaani Bibi Asnakech, alikuwa mtunza ofisi, na kwenye kahawa yake hakuna neno "dakika moja." Wala hakuna kuinuka kabla ya buli la tatu, lile la baraka. "Anayeondoka kwenye la pili anaziacha baraka zake hapa," alikuwa akisema, "na mimi sina pa kuzihifadhi." Wahandisi wa nchi nyingine wangemaliza kazi kwanza, wakanywa kahawa baadaye. Mahlet alilelewa vizuri. Aliacha foleni na ujumbe wake, akaenda kuketi.

Buli la kwanza likapita na bisi. La pili likapita na umbea. Kati ya la pili na la tatu, Weizero Asnakech aliingia ofisini kuchukua ubani, akaona waya umelala sakafuni. Kwa miezi mitatu Ato Aklilu alikuwa akimwambia: Weizero, ile yenye taa nyekundu isizimwe, hata nyumba ikiungua. Akaokota waya, akauchomeka. Alirudi ukumbini na uso wa mtu aliyeokoa nchi, na hakusema kitu, kwa sababu wema wa kweli hautangazwi.

Walikuwa kwenye buli la tatu simu zilipolia. Ya Aklilu. Ya Asnakech. Kisha kupitia dirishani ya fundi viatu, ya muuza limau, ya kinyozi, moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa mtaa.

"Muungano unasikitika kuwatangazia kifo cha Ato Zerihun Belachew, mwanachama nambari 112. Hema litasimikwa nyumbani kwake leo. Orodha itaitwa saa kumi na moja jioni."

Aklilu aliisoma amesimama. Kikombe kikamtoka mkononi. Alisema "Zerihun," basi, akatoka mbio bila kofia.

"Baba mdogo, simama! Ni jaribio!" Mahlet alipiga kelele. Lakini Weizero Asnakech alikuwa ameshaanza kulia kwa sauti, na kilio cha Weizero Asnakech hakuna binadamu aliyewahi kukizidi.

Mahlet alikimbilia kwenye kompyuta. Mambo yote yalikuwa sawasawa, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Kifo kilipita kwa utaratibu, ufufuo ukapita kwa utaratibu. Ila mashine ya ujumbe ilifundishwa sentensi moja tu. Wajumbe kumi na wawili wa vyama saba walikaa vikao vitatu kuipitisha, wakibishania hata neno "unasikitika," na hakuna mjumbe aliyependekeza sentensi ya mtu anayerudi.

Akampigia baba yake. Simu iliita mpaka ikachoka. Akampigia Yared huku akikimbia barabarani.

"Yared, baba hajafa!"

"Sasa hiyo nayo ni habari?"

"Nenda nyumbani sasa hivi uwaambie watu."

"Watu gani?"

"Watakuja. Nenda!"

Wakati huo Ato Zerihun mwenyewe alikuwa mtaa wa tatu, anatembea. Yeye pia alikuwa mwanachama, na ujumbe ulimfikia kama wengine. Bila miwani aliona "kifo," akaona "hema," akaona "saa kumi na moja," ikamtosha. Tangu lile neno kwenye daftari hakuwahi kukosa kuitika hata siku moja. Alikuwa akifika misibani mapema kuliko ndugu wa marehemu. Akavaa koti jeusi, akajifunga netela, shuka jeupe la pamba, kichwani mpaka karibu na macho kwa mtindo wa msiba, akasahau simu mezani, akatoka mpaka alipokutana na lori la hema, akalifuata. Lori likakata kona ya kwake. Likasimama mlangoni kwake. Akadhani amefiwa jirani wa ukuta mmoja, na kwa kuwa ni mtu wa kazi, akaanza kushusha nguzo.

"Nani amekufa?" alimuuliza mmoja wa wapakuzi.

"Mzee mmoja mwenye nyumba hii," alijibiwa. "Shika upande huo, baba, usisimame tu."

Hayo aliyasimulia mwenyewe baadaye, na kila akisimulia huongeza kitu. Alisema alisimama na nguzo akiwaza: mzee gani, ndani ya nyumba yangu, bila mimi kuambiwa?

Mahlet alifika akihema. Hema lilikuwa limesimama tayari. Sufuria ya ngano na dengu ilikuwa jikoni. Wanawake walikuwa wanajipigapiga vifua, na Yared amepanda juu ya benchi, shati limetoka suruali, akipaza sauti: "Hajafa! Sikilizeni, hajafa!" Wazee wawili walikuwa wamemshika miguu wasije wakampoteza naye, wakimbembeleza: "Ndivyo tunavyosema wote mwanzoni, mwanangu. Lia, lia tu."

Na hapo langoni alikuwa amesimama Aklilu. Miaka sita hakuwa amelivuka lango lile. Alikitazama kizingiti, akajifuta uso kwa mkono, akavuka. Alipofika katikati ya ua akapiga magoti mbele ya mlango wa kaka yake.

"Ndugu yangu!" alilia. "Nilikuona! Siku ile nilikuona! Niliwaona wajomba wakishuka kwenye basi, nikakuona na mizigo yao kichwani! Nilijua uko wapi! Niliogopa watu waseme katibu anambeba kaka yake. Nikaandika hayupo, na nilipoandika nikaona aibu kurudi nyuma. Miaka sita, Zerihun! Miaka sita nakula peke yangu Pasaka, nakata kuku vipande kumi na viwili vya desturi, vya nani?"

Nyuma yake, kati ya watu, Mahlet alimwona baba yake. Alikuwa na nyundo mkono mmoja na kigingi cha hema mkono wa pili, mdomo wazi. Macho yao yakakutana. Mahlet alipaswa kupiga kelele kwamba huyu hapa. Mzee akaweka kigingi midomoni kumwashiria anyamaze, naye akanyamaza, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho ndugu mmoja kusema na mwingine kusikiliza.

Aklilu alipomaliza, akabaki na kwikwi.

"Kwa hiyo uliniona?" aliuliza Zerihun.

Beseni likaanguka. Mtu akaita malaika Mikaeli. Weizero Asnakech, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia langoni, alisitisha kilio katikati ya sauti, jambo ambalo halijatokea tena. Aklilu aligeuka. Kwanza alimshika kaka yake uso kwa mikono miwili, mashavu, masikio, kama anayekagua tikitimaji sokoni. Kisha akampiga ngumi ya kifua.

"Unakufa kwa utani, mtu mzima wewe?"

"Mimi? Mimi nimeletewa ujumbe kama wewe. Nimekuja kuzika!"

Mahlet akajipenyeza katikati, akaeleza yote kwa pumzi moja, jaribio, waya, foleni, kahawa, machozi yanamtiririka. Watu wakamtazama. Kisha mmoja akacheka, wa pili akacheka, ua mzima ukalipuka, Yared akaachiwa miguu.

Ila Aklilu hakucheka. Alikuwa amekumbuka. Alijikung'uta magoti, akarudi nyuma hatua moja, ya pili, kuelekea langoni.

"Basi kama u hai," alisema kwa sauti ndogo, "nimevunja kiapo chako na changu. Nilikuja kwa kuwa nilisikia umekufa. Samahani, kaka. Natoka."

Kicheko kikafa. Mahlet aliwajua watu wa kwao: lango lile likifungwa mara hii, halitafunguliwa tena mpaka kwa kifo cha kweli, na hapo wa kusikia neno lolote atakuwa mmoja tu. Alimshika baba yake mkono wa koti.

Zerihun hakumtazama. "Mahlet," aliita, ingawa alikuwa kando yake. "Nilikuwa marehemu kwa muda gani?"

"Sekunde nne, baba."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa pande zote mbili."

"Kwa saa na tarehe?"

"Kwa saa na tarehe."

"Na inafutika?"

Mahlet alifungua mdomo, lakini jibu lilitoka langoni. Katibu ni katibu, hata akiwa analia.

"Haifutiki," alisema Aklilu. "Panaongezwa mstari mpya chini yake."

"Basi nilikufa," alisema Zerihun. "Mimi nilisema siku ya kifo changu, sikusema saa. Siku ni hii, na jua halijazama. Wewe ulisema mpaka usikie. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kiapo kipi kimevunjwa?"

Aklilu alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama anayetafuta kosa kwenye hesabu za mwaka mzima, na ilionekana wazi kwamba anaomba asilipate. "Hakuna," alisema mwishowe.

"Basi rudi ndani, mpumbavu wewe. Ngano inapoa."

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Watu wakachukua sahani. Mwenyekiti wa chama, Ato Gebeyehu, ambaye hulala na kitabu cha kanuni chini ya mto, akasimama na kutangaza kwamba kanuni ya kumi na nne haisemi marehemu lazima awe amekufa. Inasema hema likisimikwa, haling'olewi kabla orodha haijaitwa. Waliokuwa wanajisogeza kuelekea langoni wakarudi kuketi.

Saa kumi na moja Aklilu akaletewa daftari. Yared, kijana mwenye akili kuliko anavyoonekana, alikuwa amewapanga watu mabenchi yote yakajaa isipokuwa lile la katibu, lenye nafasi ya mtu mmoja zaidi. Zerihun alitafuta pa kukaa, akakosa, akaja kukaa hapo huku akinung'unika.

Majina yakaitwa. Nipo, nipo, nipo. Mpaka mia na kumi na moja.

"Zerihun Belachew," aliita Aklilu, mabega yao yakigusana.

Kimya.

"Zerihun Belachew."

Zerihun alikuwa anatazama mbele. Hema zima likaacha kutafuna.

Aklilu aliiondoa kalamu kwenye karatasi. Mara ya tatu sauti ilitoka kama ya mtoto. "Zerihun Belachew?"

"Nipo," alisema Zerihun. Kisha akageuka, akamtazama mdogo wake usoni. "Na siku ile pia nilikuwepo."

Aklilu aliandika yupo. Kisha akalifunua daftari kurudi nyuma, kurasa baada ya kurasa, miaka sita, mpaka akafika. Hakufuta kitu. Chini ya mstari wa zamani, kwenye nafasi nyembamba iliyobaki, aliandika polepole mstari mpya, halafu akasimama kuusoma wanachama wote wasikie:

"Matanga ya mama yetu, siku ya pili. Zerihun Belachew, yupo. Alikuwa barabarani, anawapokea wageni wetu."

Akaketi. Zerihun akachukua ncha ya netela yake, akajifuta macho, kisha bila kugeuka akampa mdogo wake ncha ya pili.

Yared aliinama sikioni mwa Mahlet. "Ni benchi moja lile?"

Mahlet alikuwa analia. Akaitikia kwa kichwa, na Yared akatoka nje ya hema kumpigia mama yake simu.